Resiva ya bei ndogo: igeuze mgongo kwanza

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia kibandani kwangu Tandika, boksi amelikumbatia kifuani utadhani kabeba mtoto mchanga. "Fundi, leo nimeokota dodo chini ya mnazi." Nikalifungua. Resiva, ile mashine ya kusukuma spika za sinema ya nyumbani: nyeusi, nzito, haina hata mkwaruzo. Nikaigeuza mgongo. Kibati kinasema AC 120V, 60Hz.

"Umeshaiwasha?"

Akatazama pembeni. "Iliwaka kidogo, fundi."

Basi nawe anza hapo hapo mgongoni, kabla hujauliza bei. Resiva za mtumba zinatoka kila kona ya dunia. Ya soko la Marekani inataka volti 120, ya Japani 100, na ukuta wetu unatoa 230. Za Uingereza na za Dubai hazina shida hiyo. Chache zina kiswichi cha kubadili volti, hizo ni neema. Kijana yule aliokolewa na fyuzi, lakini ikabidi atafute stepdauni, transfoma ya kushusha volti, tena kubwa, kwa sababu lazima uwezo wake uzidi wati zilizoandikwa kwenye kibati. Alipopiga hesabu, dodo lake lilikuwa limefika bei ya resiva ya volti 230.

Wati ndiyo maradhi yetu sote. Tumelelewa na sabufa zenye kibandiko cha PMPO 10,000, wati za kutangazia tu, huku waya wake wa umeme ni mwembamba kama wa taa ya mezani. Sahau namba hiyo. Hata kampuni kubwa zina namba ya tangazo na namba ya kitabu. Resiva ya Sony STR-DH590 hutajwa kwa wati 145 kila chaneli, yaani kila njia ya spika, lakini hiyo inapimwa kwa sauti moja tu ya 1 kHz. Ukifungua kitabu chake, chaneli mbili zikilia pamoja kuanzia besi ya 20 Hz hadi sauti nyembamba ya 20 kHz, kwenye spika ya omu 6 (omu ni ukinzani wa spika), ni wati 90 kila upande. Hiyo ya pili ndiyo ya kulinganishia resiva na resiva. Na usiogope kwamba imeshuka. Kuongeza wati maradufu kunakupa desibeli 3 tu, na aliyeko jikoni hatajua kama umebadilisha kitu. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja inalia sawa na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati mbili. Kwa hiyo shilingi inayobaki mpelekee muuza spika. Chaneli tano na sabufa zinatosha sebule zetu. Hizo saba na tisa utakosa pa kuzitundika.

Ukishamaliza umeme, tazama matundu. Nyuma ya runinga yako tafuta HDMI iliyoandikwa ARC. Kama ipo, na resiva nayo ina ARC, waya mmoja unamaliza kazi: king'amuzi na deki unavichomeka kwenye runinga, sauti inarudi kwenye resiva. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo ya nyuma ya hapo usiitarajie. Na HDMI za mwanzo zina mtego: baadhi ya resiva zilikuwa zinapitisha picha tu, sauti hazichukui.

Lakini hapa ndipo penye nafuu, na wengi wanapapita. Watu wanakimbia resiva za zamani kwa sababu hazipitishi picha ya 4K. Kwani nani amekuambia picha lazima ipite kwenye resiva? Picha iende moja kwa moja kwenye runinga, sauti itoke kwa waya wa optiko, ule wenye taa nyekundu nchani. Waya huo unabeba Dolby Digital na DTS, sauti za filamu za chaneli tano na sabufa, bila taabu. Nyumbani kwangu natumia resiva ya Yamaha isiyo na HDMI hata moja, niliyoinunua kwa bei ya simu ndogo, na wageni wanageuka kutazama mlango filamu ikinyesha mvua. Ukifunga hivyo na sauti ikatoka mbele tu, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga: ikiwa kwenye PCM, optiko inapeleka chaneli mbili basi. Iweke bitstream.

Spika ulizonazo zikague pia. Zile ndogo zilizokuja na homu thieta ya boksi moja nyingi ni omu 3 au 4, na resiva nyingi za bei ndogo zinaandika mgongoni omu 6 kwenda juu. Ukizilazimisha, resiva itapata joto na kujizima, au itaungua. Sabufa ya boksi hilo nayo haina umeme wake, na tundu la sabufa kwenye resiva linatoa ishara tu, halina nguvu ya kuisukuma. Sabufa zetu za mtaani, zile zenye ampilifaya ndani, ndizo zinazofaa: toa waya kwenye tundu la SUBWOOFER, ingiza AUX, spika zake ndogo ziache bila kuunga. Haitakuwa ya sinema, lakini kochi litatikisika.

Dukani usilipe kabla hujasikia. Nenda na simu yenye wimbo unaoujua, na waya wa pini nyekundu na nyeupe. Ukiwasha, subiri sekunde chache, inatakiwa ilie "ta": hiyo ni rilei, swichi ya ndani, inaunga spika. Isipolia, au ikiandika PROTECT, yaani imejifunga kujilinda, irudishe kwenye kaunta hata kama muuzaji anaapa ni waya. Sikiliza chaneli moja moja, zote tano. Zungusha kitufe cha sauti polepole. Mikwaruzo midogo dawa ya kusafishia inamaliza. Mimi hubeba mita, napima volti za DC kwenye tundu za spika bila wimbo kulia. Ikizidi milivolti 50 naanza kusita. Ulizia rimoti, maana nyingine menyu haifunguki bila hiyo, na kipaza sauti cha kupimia chumba, ingawa kikikosekana futi kamba inatosha: pima kutoka kwenye kochi hadi kila spika, andika kwenye menyu.

Ukifika nayo nyumbani, kile kitambaa cha kufuma kikae kwenye meza. Resiva inapumulia juu. Iachie nafasi ya shubiri moja, na isikae juu ya king'amuzi. Wiki hii tu nimefungua moja inayojizima kila baada ya nusu saa. Chini ya kitambaa kulikuwa na vumbi, chini ya vumbi mjusi, amekauka, kakumbatia transista mbili.