Vibakuli vya kimchi havilipiwi
Ukiingia mgahawa wa kawaida Seoul, Korea Kusini, ukaona meza haina vijiko, vuta droo ya pembeni mwa meza. Mara nyingi vijiko na vijiti vimo humo. Vibakuli vya kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) na mboga vinavyotangulia chakula ni vya bure, na vikiisha unaomba tena bila aibu. Mhudumu usimngojee aje mwenyewe: bonyeza kengele ya mezani au ita "yeogiyo!" (yaani "hapa!") kwa sauti. Kule si utovu wa adabu. Nyama ya kuchoma mezani wengi huuza kuanzia ya watu wawili, kwa hiyo ukiwa peke yako agiza bibimbap, wali wa kuchanganya na mboga. Kama huli nguruwe, uliza kwanza. Mchuzi wa kimchi mara nyingi hupikwa nayo. Unalipa kaunta ukitoka, na bakshishi hawatarajii.