Krimu ya ganzi ikiingia jichoni fanya hivi

Wadada wa Mwanza mnaochora tattoo ya nyusi, hii inawahusu nyie na mafundi wenu. Krimu nyingi za ganzi zina lidokeini na prilokeini, na baadhi zina alkali kali kiasi, zikigusa kioo cha jicho zinaunguza ile ngozi laini ya juu. Ubaya wake ganzi inaficha maumivu, jicho linaungua na wewe umetulia tu unachati.

Kupaka: kidogo sana, kwa kijiti cha pamba, juu ya nyusi tu, kope isiguswe kabisa. Umeme ukikatika mchana kwenye saluni za Makoroboi, feni imezima, krimu inalainika inachanganyika na jasho inateremka pembeni ya pua mpaka kona ya jicho, kwahiyo mteja alale chali macho amefumba, na fundi asiende kupokea simu, akae hapohapo na pamba mkononi. Wakati wa kutoa futa kuelekea kwenye paji la uso, usishushe chini. Lenzi za urembo zivuliwe kabla hamjaanza.

Ikiingia, usisubiri iume ndo uanze kuhangaika. Maji safi ya bomba au ya chupa, mwaga taratibu jicho likiwa wazi, dakika 15 na kuendelea, kichwa kiinamie upande wa jicho lililoingiwa ili maji yasiende kwenye zima. Maji ya ziwani hapana, maziwa ya mama hapana, hata bibi akisisitiza vipi. Usilisugue, maana likiwa na ganzi hata mchanga ukikwaruza huhisi. Ukishaosha nenda hospitali muda huohuo, Sekou Toure au Bugando, na boksi la krimu ubebe waone kilichomo. Hata kama unaona fresh, nenda. Kama kuna ukungu, mwanga unauma au jicho jekundu ndo usilale nalo kabisa.

Halafu kuna yale matone ya ganzi daktari anayoweka ili akukague. Usiyatafute famasi ukajiwekee nyumbani, na nyie mafundi wa kuchomelea wa Nyakato mliopigwa na mwanga wa weldingi nawaambia pia. Ukiyarudiarudia kidonda hakifungi, kioo kinaweza kuoza mpaka kutoboka na ukapoteza jicho. Likiuma ukishatoka hospitali, mwombe daktari dawa ya maumivu ya kumeza.