Kumwongezea plazma mgonjwa ambaye damu yake haigandi ipasavyo
Kabla ya kuagiza plazma (sehemu ya majimaji ya damu), hakikisha kwamba mgonjwa anavuja damu au anakaribia kupasuliwa, kwa kuwa majibu mabaya ya maabara peke yake mara nyingi si sababu ya kutosha. Kipimo cha kawaida ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtu wa kilo 60 atahitaji mililita 600 hadi 900. Plazma huhifadhiwa ikiwa imegandishwa kwa baridi; mfuko ukishayeyushwa katika nyuzijoto 37 haurudishwi kwenye barafu tena. Plazma ya kundi AB huwafaa wagonjwa wa makundi yote, kinyume cha seli nyekundu, jambo linalowachanganya wengi. Tumia mpira wa dripu wenye chujio, nawe ukae kando ya kitanda dakika 15 za mwanzo. Vipele, kutetemeka au kuhema kwa shida vikitokea, funga dripu mara moja na umwite daktari.