Kupanga nyumba Benoordenhout: makaratasi kwanza, nyumba baadaye

Kila Mswahili anayepata kazi The Hague, Uholanzi, awe mkalimani anayekuja Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) au mhasibu wa shirika fulani, ananiuliza lile lile: "Dada, hiyo mitaa yenye miti kule karibu na ICC, mtu wa kawaida anaweza kupanga?" Anaweza. Mitaa hiyo, Benoordenhout, ina mabalozi wengi, ndiyo, na ina magari ambayo sisi wa Tanga tunayaona kwenye misafara tu. Lakini ina pia walimu, wauguzi, wajane wa Kiholanzi wenye mbwa, na familia kama yangu. Wengi wanaoikosa wana mshahara wa kutosha. Wanachokosa ni makaratasi yaliyo tayari, au hawajui kwamba sheria ya huku inamlinda mpangaji.

Mtaa wenyewe umekaa kati ya msitu na matuta ya mchanga wa baharini. Upande mmoja ni Haagse Bos, msitu ambao ndani yake kuna kasri la Huis ten Bosch anakoishi Mfalme Willem-Alexander na familia yake. Upande wa pili ni matuta ya Meijendel, na ICC iko pembezoni mwa matuta hayo, barabara ya Oude Waalsdorperweg. Pembezoni kuna bustani kubwa ya Clingendael, na katikati kuna maduka ya Van Hoytemastraat, na nyumba za matofali ambazo nyingi ni za miaka ya 1920 na 1930. Hiyo miaka ikumbuke, tutakutana nayo tena kwenye bili ya gesi.

Sasa pesa, tusidanganyane. Ghorofa ya mita za mraba 80 au 90 huku huvuka Euro 1,800 kwa mwezi bila jasho, kabla hujawasha taa. Wenye nyumba wengi wanataka mshahara wako, kabla ya makato, uwe mara tatu ya pango. Wengine wanapanda hadi mara nne. Pango la Euro 1,900 mara tatu ni 5,700. Kama mko wawili, uliza mapema kama mshahara wa pili unahesabiwa wote, maana wapo wanaohesabu nusu. Usipoteze mchana wako kwa nyumba ambayo hesabu yake haikai. Dalali atakuonyesha kwa tabasamu, na jina lako halitafika kwa mwenye nyumba.

Nyumba zinatangazwa zaidi Pararius na Funda. Kwenye tangazo, kabla hujaangalia picha, tafuta moja ya maneno matatu. Gemeubileerd ni nyumba yenye samani zote, hadi vijiko. Gestoffeerd ina sakafu, mapazia, na mara nyingi jiko na taa, lakini kitanda na kochi ni juu yako. Kaal ni tupu kweli kweli: unakanyaga zege au mbao chakavu, madirisha hayana pazia, na darini nyaya zinaning'inia. Mgeni akiona kaal imepungua Euro 200 kwa mwezi anadhani ameokota dodo chini ya mnazi, kumbe ataanza maisha kwa kununua sakafu ya nyumba nzima. Wakati mwingine mpangaji anayetoka atakuomba ununue sakafu na mapazia yake. Ni biashara ya kawaida na ina nafuu kwa wote wawili, ila bei mnapatana, na hulazimiki kununua kabati lake la kizamani.

Angalia pia kama pango limeandikwa kale huur, yaani pango lenyewe bila kitu kingine, au limechanganywa na huduma. Gharama za huduma kama usafi wa ngazi na taa za korido zinatakiwa zitenganishwe, na mwenye nyumba anatakiwa akupe mchanganuo kila mwaka.

Faili lako liandae hata kabla hujaona tangazo la kwanza: nakala ya pasipoti, kibali cha kuishi kama unakihitaji, mkataba wa kazi, barua ya mwajiri ambayo Waholanzi huiita werkgeversverklaring, karatasi za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya benki, na kama uliwahi kupanga, barua fupi ya mwenye nyumba wa zamani. Kama ndiyo kwanza unatoka Dar au Nairobi na huna karatasi za mshahara za huku, mkataba wa kazi wenye saini na barua ya mwajiri inayotaja kiasi ndivyo vitakavyokubeba. Weka yote kwenye faili moja la PDF lenye jina lako. Juu yake weka ukurasa mmoja unaosema ninyi ni nani, wangapi, kazi gani, mnataka kuingia lini, mnavuta sigara au la, mna paka au hamna. Waholanzi hawaoni vibaya kuulizwa wala kuuliza.

Jambo moja kuhusu pasipoti: usiitume tupu tupu. Serikali ina programu ya simu iitwayo KopieID. Inakuwezesha kufuta namba yako ya utambulisho wa serikali ya huku, BSN, kama ipo kwenye nakala, na kuandika juu yake kwamba nakala hii ni kwa ajili ya nyumba fulani, tarehe fulani. Mwenye nyumba hana haki ya kudai BSN yako.

Tangazo zuri likitoka asubuhi, kufikia jioni foleni imejaa. Washa taarifa za simu, jibu mara moja, na jibu kwa Kiholanzi hata kama ni mistari minne uliyosaidiwa na jirani. Kisha piga simu. Huku watu wengi wanaogopa kupiga simu, na ndiyo maana kunasaidia.

Dalali anaitwa makelaar, na hapa ndipo wenzangu wa Dar mtafurahi. Kule tumezoea kumlipa dalali pango la mwezi mmoja, na kabla ya hapo pesa ya kupelekwa kuona, halafu mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima mbele. Huku pango ni la mwezi kwa mwezi. Na dalali aliyetangaza nyumba kwa niaba ya mwenye nyumba haruhusiwi kukutoza wewe hata senti, aite ada ya mkataba au ada ya usajili. Ukimwajiri wewe akutafutie, hapo unamlipa, ni haki yake. Kuna mmoja, kampuni yake siitaji, aliwahi kuniletea ankara ya "gharama za utawala" za Euro 350. Nilimjibu kwa barua pepe ya mstari mmoja: tafadhali nieleze ni kifungu gani cha sheria kinachoruhusu ankara hii. Hakujibu, na funguo nilipewa.

Matapeli nao wako. Rafiki yangu mmoja wa Goma alinipigia amefurahi: nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, bustani, hatua chache kutoka Clingendael, Euro 950.

"Dada, huyu bwana ni mhandisi, yuko Uskoti kikazi. Nikishalipa miezi miwili funguo anazituma kwa posta."

"Mwambie shoga yako yuko hapa hapa mtaani, atakwenda kuiona kesho saa nne."

Kesho yake bwana mhandisi hapatikani. Kanuni ni nyepesi: hulipi chochote kabla mtu wako hajakanyaga ndani na kabla mkataba haujasainiwa. Na mwenye nyumba akikwambia usijiandikishe manispaa kwenye anwani hiyo, ondoka. Bila anwani ni vigumu kupata BSN, na bila BSN benki, bima ya afya na mshahara vinaweza kukwama.

Siku ya kuona nyumba utapewa kama dakika kumi na tano, mara nyingi mchana wa siku ya kazi. Usizimalizie kwenye dirisha linaloangalia miti. Anza na mlango. Nyumba nyingi za huku zina kile wanachokiita Haagse portiek: ngazi za mawe zinapanda kutoka barabarani hadi kibaraza kilicho wazi ghorofa ya kwanza, na hapo kuna milango kadhaa imepangana, kila mmoja na tundu lake la barua. Ukifungua wa kwako, unakuta ngazi nyingine ya mbao ndani, nyembamba na imesimama wima karibu kama ya mnazi. Mtoto wa miaka miwili, mama mzee, gari la mtoto, baiskeli: jiulize vyote vitapitaje. Friji haipiti. Inapandishwa kwa lifti ya kukodi hadi dirishani, na gharama hiyo uihesabu siku ya kuhama.

Halafu gusa vioo. Kioo cha tabaka moja kwenye nyumba ya mwaka 1930 kina sura nzuri, ila Januari utakilipia. Uliza energielabel, ile herufi inayoonyesha nyumba inavyotunza joto, kutoka A hadi G. Kati ya C na F tofauti utaiona kwenye bili ya gesi kila mwezi wa baridi. Tazama mtambo wa maji ya moto una umri gani na ulikaguliwa lini. Inusa kabati la chumba cha kulala kilicho upande wa baridi; kama pana ukungu, pua itakwambia kabla ya macho. Vifaa vya kugundua moshi ni lazima kila ghorofa tangu Julai 2022, visipokuwepo uliza kwa nini.

Ukikubaliwa, mkataba utakuja kwa Kiholanzi. Usione aibu kuomba siku mbili za kuusoma. Tangu Julai 1, 2024 mkataba wa kawaida hauna tarehe ya mwisho, na mkataba wa muda unaruhusiwa kwa sababu chache tu. Moja ya sababu hizo ni ya kawaida mno Benoordenhout: mwenye nyumba ni Mholanzi aliyepelekwa kazini nje, pengine yuko Nairobi, na atarudi kuishi kwake. Hicho ni kifungu cha diplomasia. Si ubaya, nyumba hizo huwa zimetunzwa vizuri, ila ujue siku akirudi unatoka. Kama una watoto shuleni, muulize waziwazi anarudi lini.

Pango nalo lina mizani. Kila nyumba inahesabiwa pointi: ukubwa, jiko, bustani au roshani, ile herufi ya joto, na thamani yake kwa manispaa. Kwa mikataba mipya ya mwaka 2025, nyumba isiyozidi pointi 186 haikuruhusiwa kuzidi Euro 1,184.82 kwa mwezi bila gharama za huduma. Kuanzia pointi 187 mwenye nyumba anapanga bei yake. Tangu Januari 2025 lazima akupe hesabu ya pointi pamoja na mkataba. Ghorofa ndogo yenye herufi F mara nyingine inaanguka chini ya mstari huo hata kwenye mtaa wa kifahari. Ukiwa na shaka, nenda Huurcommissie, baraza la serikali linaloamua migogoro ya pango. Mpangaji analipa Euro 25 na anarudishiwa akishinda. Kama unapinga pango la kuanzia, usipitishe miezi sita tangu mkataba uanze. Kwenda huko hakukufukuzishi.

Dhamana isizidi miezi miwili ya pango lenyewe. Hiyo ni sheria tangu Julai 2023.

Siku ya funguo mnapita chumba kwa chumba na ripoti ya hali ya nyumba. Piga picha kila mkwaruzo, na picha za mita zote, gesi, umeme na maji, namba zionekane. Umeme na gesi unachagua kampuni mwenyewe. Maji huchagui, ni Dunea, na ni maji matamu yaliyochujwa na mchanga wa matuta yale yale ya Meijendel. Kisha zitakuja bahasha za kodi ya taka na ya bodi ya maji ya Delfland. Hizo si utapeli, zilipe. Ndani ya siku tano tangu ufike nchini, omba miadi ya kujiandikisha kwenye jengo jeupe la manispaa pale Spui.

Na kama umehamia mwanzoni mwa Mei, sherehe ya nyumba mpya isiwe tarehe 4 jioni. Kwenye uwanda wa Waalsdorp, walikopigwa risasi wapinzani wa Wanazi, kengele inalia kwa muda mrefu, na saa mbili usiku nchi nzima inanyamaza dakika mbili.

Ikishindikana kabisa, vuka msitu. Mariahoeve ilijengwa baada ya vita, ina miti na maji ya kutosha, pango ni nafuu, na kwa baiskeli Clingendael ni jirani.

Siku ya kuondoka, notisi ya mpangaji ni mwezi mmoja, kwa maandishi. Rudisha nyumba kama ilivyo kwenye zile picha. Dhamana yako inatakiwa irudi ndani ya siku 14, au siku 30 kama kuna makato, na kila kato lije na maelezo yake. Siku ya 15 ikipita kimya, andika barua pepe, weka picha, na mtajie sheria ya mwaka 2023.