Kampuni yenu ya kokoto inataka kwenda shuleni? Fanyeni hivi (uzoefu wa Dodoma)

Wakuu, wiki iliyopita jamaa yangu wa saiti nyingine huku nje ya jiji kanipigia, bosi wake kamwambia apeleke "elimu ya usalama na ajira" shule ya jirani na yeye hata hajui aanzie wapi. Tumeongea mpaka vocha ikaisha, basi naandika na mwingine asihangaike. Mi ni afisa usalama kwenye machimbo ya mawe.

Hatua ya 1: Barua
Kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa Afisa Elimu, nakala kwa mkuu wa shule na mtendaji wa mtaa. Msiende kienyeji.

Hatua ya 2: Tarehe
Mvua zetu zinaanza Desemba hivi na mashimo ya zamani yanajaa maji, kwahiyo wahi kabla. Novemba iache, watoto wako kwenye mitihani ya NECTA. Mi huwa naomba Septemba.

Hatua ya 3: Vya kubeba
Projekta acheni nyumbani. Umeme ukikatika mnabaki mnatazamana, na hata ukiwepo darasa la watoto themanini, wa nyuma haoni kitu. Beba bonge la granaiti, kokoto za saizi tofauti, manila na makapeni. Halafu chukua chupa tupu ya maji, weka vijiko viwili vya vumbi la kresha (mashine ya kusaga mawe), funga kifuniko kwa gundi kabisa. Tikisa, iweke mezani, endelea kuongea. Baada ya muda waonyeshe, mazito yametulia chini ila kuna ukungu bado unaelea. Huo ndo unaofika kwenye mapafu, una silika (madini yaliyomo kwenye mawe kama granaiti), na mapafu yakishaharibika hayarudi. Hiyo chupa inashinda slaidi zote.

Hatua ya 4: Usalama (hapa someni taratibu)
Mara ya kwanza niliharibu. Nilienda na helmeti, reflekta, buti, nikaeleza saa nzima jinsi mfanyakazi anavyovaa, watoto wakapiga makofi, nikajiona fundi. Natoka nje nakuta kijana wa kidato cha pili kafunga madaftari kwenye keria ya baiskeli kwa mrija wa plastiki wa njano. Nikasimama. Ule ni mrija wa detoneta, kile kidude cha kuwashia baruti! Namuuliza kautoa wapi, ananijibu kawaida tu, "kule bondeni ninakochungia mbuzi, ipo mingi." Mrija uliotumika wenyewe hauna shida kubwa, shida ni kwamba mwisho wa mrija ndo inakaa detoneta, na kama mlipuko haukuwaka vizuri inaweza kuwa bado nzima. Kidude kama kalamu ya wino, mtoto akikigonga au akikitupa kwenye moto vidole vinaondoka. Jioni ile nilirudi na mlipuaji wetu tukapita bonde zima mpaka giza.

Kwahiyo elewa, helmeti sio usalama wa mtoto, yeye haingii kazini. Ongelea anakopita yeye: mashimo yenye maji (ukingo unateleza na kina hakionekani, hata kama mbuzi kadumbukia usimfuate), tipa barabarani, king'ora na bendera nyekundu maana yake nini, waya na mirija. Kanuni ya mwisho iwe fupi, waseme wenyewe kwa sauti: usiguse, rudi ulikotoka, mwambie mtu mzima. Onyesha picha tu, usithubutu kubeba detoneta hata ile ya mfano, maana utakuwa umewafundisha kuishika. Na chunga maneno, nilisema "fataki" walimu wote wakacheka, wao wanamfikiria yule mzee wa matangazo ya redio anayetongoza wanafunzi. Sasa nasema detoneta.

Ah, na kabla hujaenda safisha eneo lenu kwanza, usije ukahubiri huku mirija yako iko bondeni.

Hatua ya 5: Ajira
Anza na umri. Sisi tulianza na mshahara wa opereta wa kijiko (ekskaveta), Jumatatu yake vijana wanne wa miaka 15 wako getini wanaomba kibarua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja uchimbaji wa mawe kabisa kwenye kazi hatarishi, chini ya 18 hakuna. Ukishasema hilo ndo utaje kazi: mjiolojia, mpimaji, mlipuaji mwenye cheti, fundi umeme, welda. Na bahati yetu Dodoma kila kitu kiko hapa, Chuo cha Madini, UDOM, VETA, hata Tume ya Madini na GST (taasisi ya jiolojia na utafiti wa madini) makao makuu yako hapahapa. Waambie fizikia, hesabu na jiografia wasizikimbie. Mkiwa na dada anayeendesha loda mpelekeni aongee yeye, nyie kaeni kimya.

Hatua ya 6: Kuwaleta saiti
Kundi dogo, kresha imezimwa, siku isiyo ya kulipua. Basi.

Hatua ya 7: Namba ya simu
Bandika kwenye ubao wa matangazo na nyingine mpe mwalimu wa malezi. Ikiita pokea, hata kama ni saa mbili usiku na ni mtoto tu anauliza kijiko kina gia ngapi. Ya tatu niliyopokea ilikuwa, "Shikamoo mjomba, tumeona mrija mwingine, hatujaugusa."