Nilivyobadili brekipedi za IST mwenyewe nyumbani, na kila nilipoharibu

Nianze na kosa la mwisho maana ndo lililonifanya nikae niandike. Nimemaliza kufunga brekipedi mpya, tairi zimerudi, jeki iko chini, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, najiona fundi kabisa. Nikawasha gari, nikaweka D, nikaachia hendibreki nisogee kidogo pale uani nisikilize kama kuna kelele. Nikagusa breki, pedeli ikazama mpaka kwenye kapeti, laini kama nimekanyaga nyanya, na gari haina habari na mimi. Nikakanyaga tena, wapi, na geti hilo hapo. Akili ya kuvuta hendibreki haikuja kabisa, nikaendelea kukanyaga tu, kanyago la nne ndo likashika, ila bampa lilikuwa lishafika getini. Geti la bati, la mwenye nyumba.

Sababu nitaisema ikifika zamu yake. Kazi yenyewe si ngumu, ni bolti mbili kila upande na hakuna hesabu, ila matatizo yote yako pembeni ya hizo bolti na mafundi huwa hawakwambii kwa sababu wao wanayafanya bila kufikiria.

Gari ni Toyota IST ile ya kwanza, ya kati ya 2002 na 2007, automatiki, breki za mbele ni za diski (ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi), za nyuma dramu. Vitz, Corolla na Toyota nyingi ndogo utaratibu ni ule ule, saizi za spana tu ndo zinaweza kubadilika. Kama gari yako ni haibridi kama Prius au Aqua, usifuate hii, nenda kwa anayezijua, maana mfumo wake wa breki unaweza kuamka wenyewe ukifungua mlango tu na ukasukuma pistoni (kile chuma kinachosukuma pedi ibane diski) wakati umeshafungua vitu.

Nilijuaje zimeisha? Nilikuwa narudi Dar kutoka msibani Iringa, Kitonga nikaishuka nikiwa kwenye D mguu juu ya breki mwanzo mwisho, nyuma ya lori. Chini kule harufu ikaanza, kama mpira unaungua. (Mteremko kama ule unashuka na gia ndogo, weka 2 au L injini ikusaidie kushika, breki unagusa na kuachia.) Kuanzia siku hiyo kila nikigusa breki nasikia filimbi. Kumbe ile filimbi imewekwa makusudi, pedi nyingi zina kibati kidogo pembeni ambacho pedi ikiisha kinagusa diski na kulia ili ushtuke. Ukipuuza mpaka ikawa mkwaruzo, krrr krrr, hapo ni chuma kwa chuma na sasa unakula diski pia. Ukitaka kujua mapema chungulia kupitia nafasi za rimu, pedi mpya huwa na kama milimita 10 za ile nyama inayolika, ikishuka kwenye 3 badilisha.

Kununua nako niliharibu. Nimefika Kariakoo, kijana wa dukani ananiuliza "old model au new model braza?" mi najibu "ya IST tu bwana." Nikapewa za new model, nimefika nyumbani masikio ya pedi hayaingii. Nauli tena. Kwa hiyo nenda na namba ya chesisi, IST ya zamani inaanza na NCP60 au NCP61, au bora zaidi fungua tairi moja kwanza, piga picha, ulinganishe palepale kaunta. Na ukifika dukani sema brekipedi, usiseme pedi tu, nilisema hivyo nyumbani kwamba naenda Kariakoo kutafuta pedi na mke wangu hajaacha kunitania mpaka leo. Boksi moja linakuja na nne, mbili kila tairi, na unabadili pande zote mbili za mbele hata kama upande mmoja ndo umeisha, la sivyo ukifunga breki gari inavuta upande.

Vifaa: jeki, wili spana, spana namba 14 (kwa IST yangu), klampu kubwa ya fundi seremala, brashi ya waya, kamba au waya mgumu, matambara, na grisi ile maalumu ya breki, ya silikoni. Grisi ya kawaida ya bakuli acha, inavimbisha mipira ya kalipa (lile chuma linaloshika pistoni na kubana pedi) na baada ya muda pini zinagoma. Na stendi za jeki. Mi sikuwa nazo, nikatumia jeki ya gari peke yake, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Uani kwetu Tabata ni mchanga. Nimepandisha gari, nimetoa tairi, nimeinama natafuta bolti, nikaona kama gari inanisalimia, inainama taratibu. Jeki ilikuwa inazama. Nikaruka nyuma, gari ikakaa kwa diski mchangani. Ningekuwa nimeingiza mguu chini ya ule mkono wa chuma ingekuwa hadithi nyingine. Kwa hiyo tafuta sehemu ya zege au lami iliyolala sawa, kama huna weka kipande cha ubao mnene na mpana chini ya jeki, weka mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma, vuta hendibreki, gia kwenye P. Gari ikishapanda weka stendi, na ile tairi uliyoitoa ilaze chini ya ubavu wa gari, jeki ikikuangusha gari inaangukia tairi badala yako.

Nati za tairi unazilegeza KABLA hujapandisha gari. Mi nilipandisha kwanza, nikatia wili spana, nikasukuma, tairi inazunguka tu na spana pamoja na mimi. Legeza kidogo tairi ikiwa chini, afu pandisha, afu malizia kwa mkono.

Tairi ikitoka geuza usukani upande utakaokuwezesha kuiona kalipa kwa nyuma. Na tafadhali maliza upande mmoja kabisa ndo uende wa pili. Mi nilifungua zote mbili kwa pamoja nikiamini nitakumbuka, saa moja baadaye nimekaa chini na vibati vinane mkononi sijui kipi kinakaa wapi. Upande ambao hujaugusa ndo kitabu chako, na picha ya simu kabla ya kila kitu kutoka.

Kalipa inashikwa na bolti mbili kwa nyuma. Fungua ya chini, mara nyingi inatosha kuinua kalipa juu kama boneti, lakini kama unaitoa nzima usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki. Ule mpira ndo unaopitisha mafuta, ukiubebesha mzigo unaweza kuchanika ndani na nje usione kitu. Ifunge kwa kamba kwenye springi ya shoki apu. Mi niliiacha inaning'inia kama dakika kumi mpaka jirani yangu alipopita, mzee mmoja mstaafu, kaendesha malori miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, hicho umekitundika au umekinyonga?"

Akachukua kamba ya nguo ya mke wangu akaifunga mwenyewe, akaondoka. Nitarudi kwake.

Pedi za zamani zinachomoka kwa mkono au kwa kugongwa kidogo. Lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo, pedi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na huwezi kujua za kwako ni zipi, futa kwa tambara lenye maji. Piga brashi pale zinapokaa masikio ya pedi, pita kidole kwenye diski, kama ina ukingo mkubwa pembeni au mikwaruzo mirefu ya kuzama, diski nayo ipelekwe kwa fundi aiangalie, unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umechapwa kwenye diski yenyewe.

Sasa pistoni. Pedi mpya ni nene kwa hiyo pistoni lazima irudi ndani ndo kalipa ivae. Fungua boneti, legeza kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, weka pedi ya zamani juu ya pistoni, kaza klampu pole pole mpaka iingie yote. Ukirudisha pistoni mafuta yanapanda kwenye kikopo, na kama kuna mtu aliwahi kuongezea yatamwagika, na yale mafuta yanakula rangi ya gari kama asidi. Weka tambara kuzunguka, yakimwagika osha na maji haraka. Mi nilijaribu kwanza kusukuma kwa bisibisi, nikachana kidogo mpira wa vumbi unaozunguka pistoni, kosa dogo ila maji na mchanga vitapita hapo, kwa hiyo bado nina deni la kuubadili. Na hii ni kwa kalipa za mbele, gari zenye diski nyuma wakati mwingine pistoni inaingia kwa kuzungushwa, ukilazimisha na klampu unaiua.

Katikati ya hapo mpwa wangu, miaka saba, kaingia kwenye siti ya dereva anaendesha gari la kwenye kichwa chake, vruuum, na kama dereva yeyote mwenye akili akafika kwenye kona akakanyaga breki. Kalipa iko wazi, hakuna pedi, hakuna kinachoizuia pistoni. Nikaiona inatoka taratibu kama kobe anachungulia. Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Ilibaki kidogo itoke yote, na ingetoka mafuta yangemwagika, hewa ingeingia, na kazi ya kutoa upepo kwenye breki sikuwa naijua. Funga milango ya gari, funguo weka mfukoni.

Pini za kalipa, zile zinazoteleza ndani ya mipira, zitoe uzifute, zipake grisi ya silikoni, hakikisha zinaenda na kurudi kwa kidole. Pini ikiganda pedi moja inaisha na mwenzake bado mpya, ndo nilivyokuta upande wa kushoto. Kidogo tu cha grisi kwenye masikio ya pedi na mgongoni inapogusana na pistoni. Usoni kwa pedi na kwenye diski hata tone hapana, na kama mikono ina grisi usishike uso wa pedi.

Halafu mzee akarudi, jua linazama, mi nafunga bolti ya mwisho upande wa kulia. Kasimama kimya muda mrefu.

"Kijana, hiyo bati inaangalia wapi?"

Nikaangalia. Pedi ya ndani nimeivalisha kinyume, chuma kimeelekea diski na nyama imeelekea pistoni. Na inaingia vizuri tu, haikwambii kitu! Ningeondoka hivyo ningekuwa nafunga breki kwa chuma. Kabla hujafunga kalipa chungulia kwa tochi pande zote mbili, uone nyama imeitazama diski, ndani na nje.

Kaza bolti za kalipa, rudisha tairi, nati kaza kwa mkono kwanza, shusha gari, ndo ukaze kwa nguvu kwa mpangilio wa kuvukana, ukikaza hii unafuata ya mkabala wake, siyo kuzunguka.

Na sasa lile la geti. Ukirudisha pistoni ndani umeacha nafasi kubwa kati yake na pedi, kwa hiyo makanyago ya kwanza kazi yake ni kuisogeza tu mpaka iguse, breki hamna. Kabla hujawasha gari, kabla hujagusa gia, kaa kwenye siti upampu pedeli taratibu mpaka iwe ngumu, mara tano, mara kumi, inavyotaka. Afu angalia kikopo, mafuta yawe kati ya MIN na MAX, ukiongeza weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, yangu ni DOT 3, ya kopo jipya lililofungwa maana yale mafuta yanavuta unyevu hewani. Fundi alitaka elfu 20 kwa hii kazi yote na mi nikaona ananiibia. Kunyoosha geti nimelipa zaidi ya hapo.

Pedeli ikipampiwa na bado ni laini kama sponji, kuna hewa ndani, usitoke getini, ita fundi. Ikiwa ngumu, toka asubuhi mapema barabara ikiwa tupu, nenda kama 50, punguza taratibu mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia mara nane hivi ukiacha nafasi breki zipoe. Harufu kidogo ni kawaida, pedi mpya inazoeana na diski. Siku mbili tatu za kwanza acha nafasi kubwa na gari la mbele. Ukishatembea kama kilomita 100 kaza tena nati za tairi, yangu moja ilikubali robo mzunguko.