Matokeo ya kidato cha nne: soma alama za masomo kabla ya kushangilia daraja

Kwanza tafuta namba yako ya mtihani. Ni herufi S (P kwa mtahiniwa wa kujitegemea) na tarakimu nne za kituo, kisha tarakimu nne zako. Ukurasa wa matokeo hauna majina, hivyo ukikosea tarakimu moja unasoma matokeo ya mwenzako.

Ingia necta.go.tz, tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), fungua matokeo ya CSEE (mtihani wa kidato cha nne), chagua mwaka, kisha shule yako. Saa za mwanzo tovuti hulemewa. Jaribu usiku, au piga *152*00# uingie Elimu, kisha NECTA. Tovuti nyingine yoyote inayokuomba nywila au malipo, achana nayo.

Kwenye mstari wako, AGGT ni jumla ya pointi na DIV ni daraja. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na yanahesabiwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. 34 na 35 ni sifuri. Ndiyo maana D mbili na F tano, au C moja na F sita, zote hutoa 33 na kumvusha mtu kwenye sifuri kwa kubanana.

Sasa hesabu mwenyewe. Tuseme mtahiniwa ana Kiswahili B, Uraia C, Jiografia C, Kiingereza C, Historia D, Biolojia D, Kemia D, Fizikia F, Hisabati F. Saba bora zinatoa 2+3+3+3+4+4+4, yaani 23: daraja la tatu. Kidato cha tano kinataka angalau masomo matatu yasiyo ya dini yenye C au zaidi, na huyu anayo manne. Lakini tahasusi (mchanganyiko wa masomo matatu) ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kwake imefungwa hata akililia, kwa kuwa Fizikia ni F. HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) inamfaa zaidi, maana Jiografia na Kiswahili zinambeba. Hapa ndipo wengi huumia: waliandika tahasusi ya ndoto kwenye Selform, fomu ya machaguo ya tahasusi na vyuo, kabla ya matokeo, wakaisahau.

TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufungua dirisha la kubadili machaguo baada ya matokeo, kwa muda maalumu. Ingia selform.tamisemi.go.tz wewe mwenyewe, panga tahasusi kwa alama ulizopata, weka na vyuo vya kati unavyovikubali kweli, kisha hakikisha mabadiliko yamehifadhiwa kabla ya kutoka.

Ukikuta umewekewa alama ya kutohudhuria kwenye somo ulilofanya, nenda kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo. Ulisaini karatasi ya mahudhurio, na huo ndio ushahidi wako. Ukiamini umesahihishwa vibaya, rufaa ina tarehe ya mwisho na hulipiwa kwa kila somo. Kata rufaa kwa somo linalobadilisha tahasusi yako tu.